Sanduku la Posta 418

Kadi ya harusi ilikuwa imebandikwa kwenye kioo cha duka la mithai, vitamu vya Kihindi, pale Edmonton, London, kati ya tangazo la chumba cha kupanga na tangazo la mwalimu wa udereva. Nasim alikuwa anapita na kigari cha mtoto, mvua imemlowesha mabega, akili yake iko kwenye maziwa ya unga. Akaipita. Kisha miguu ikasimama yenyewe, akakirudisha kigari nyuma, akasoma.

Hakusoma majina ya maharusi. Alisoma herufi. Ilikuwa Kigujarati cha kompyuta, vitone vyeusi vilivyopangwa hadi vikawa maandishi, na herufi ya kwanza ya jina la bibi harusi ilikuwa na mkia uliokunjwa kwa ndani. Shuleni mkia ule hufundishwa mrefu. Nasim alipouchora, mimba ikiwa na miezi saba na kiungulia kimemshika, mkia haukuenea kwenye miraba ya karatasi aliyokuwa nayo, akaukunja, akaenda kulala. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuukunja namna ile. Na kadi ile haikuchapwa kwenye kompyuta yao yoyote ya kukodisha, kwa sababu mashine zao zote zilizokodishwa mwezi ule alizijua zilikokwenda.

Alijaribu kukasirika. Alisimama pale akiingoja hasira kama mtu anavyongoja chafya, nayo ikakataa kuja.

Tangu Zainab azaliwe, mambo yalikuwa yanamfikia Nasim kwa mbali, kama maongezi ya watu walio chumba cha pili. Alimwosha mtoto, alimlisha, alimwimbia. Mikono iliijua kazi yake. Ndani mwenyewe alikuwa na ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya, na hakuwa amemwambia mtu. Angeanzia wapi? Watu wakimwuliza hali, alisema mzima, na kweli hakuna mahali palipomuuma.

Akaendelea na safari, akanunua maziwa, akarudi nyumbani.

Nyumbani kulikuwa juu ya duka, na duka lilikuwa la mumewe, Firoz. Alikodisha kompyuta. Mwaka huo wa themanini na nane kompyuta kilikuwa kitu cha kukodi, kama watu wanavyokodi masufuria ya harusi: unaichukua kwa wiki, unafanya shughuli yako, unairudisha. Maduka ya kukodisha mashine yalikuwa mengi London nzima, na mengine makubwa kuliko lao mara kumi. Lakini mashine za Firoz ziliandika Kigujarati. Wateja wake walikuwa watu wa Tanga, Mwanza, Kisumu na Jinja, waliofika nchi hii miaka ya sabini na masanduku yao wakitetemeka kwa baridi, na sasa wamezeeka, wana vyama na mahekalu na jamatkhana za ibada, na wanataka habari zao ziandikwe kwa hati wanayoisoma bila miwani ya pili.

Herufi hizo alizitengeneza Nasim. Alikuwa amesoma kompyuta madarasa ya jioni, kwa mwalimu mmoja mpole aliyeitwa Dinah, na kwa msimu mzima wa baridi alikaa jikoni na penseli, akajaza miraba herufi baada ya herufi, kisha zile herufi zinazoshikana mbili mbili na tatu tatu, ambazo hazina mwisho. Firoz alipoziona zimetoka kwenye printa alikaa chini. Akamwambia, herufi hizi zikishika, zikimaliza msimu wa harusi na watu bado wanakodi kwetu kwa ajili yake, unaacha kiwanda.

Kiwanda kilikuwa cha biskuti, shifti ya jioni. Kila saa kumi na moja Nasim alivaa kofia ya wavu, na saa Zainab anayooga, anayokula uji na kulala, mama yake alikuwa amesimama kwenye mkanda akipanga biskuti. Aliyemlaza ni bibi yake, mama Firoz. Wiki iliyopita mtoto alikuwa amelia, Nasim na bibi wote wakamkimbilia, naye akamnyooshea mikono bibi. Nasim aliliona hilo. Aliona pia kwamba halikumuuma, na hili la pili ndilo lililomtisha. Alikuwa amejiwekea tumaini moja tu: akirudishiwa jioni zake, labda na yeye atarudi.

Kwa hiyo herufi zililindwa. Mteja angeweza kuandika kwa herufi zile apendavyo, lakini akitaka kulifungua faili lenyewe, kulitoa na kulipeleka mahali pengine, mashine ilimwuliza namba. Dinah alikuwa amewaonya wasiweke tarehe ya kuzaliwa, wala jina la mtoto, wala namba ya nyumba. Firoz akachagua namba iliyokufa, ya mji ulio mbali, ya kitu kisichokuwepo tena: sanduku la posta la duka la marehemu baba yake, Tanga. Mwingereza gani angeijua? Nasim naye akaona ni akili.

Alipomweleza Firoz habari ya kadi, hasira zote zilizomkataa yeye zilikwenda kwa Firoz. Alizunguka duka, akapiga simu duka la mithai, akauliza kama mtu asiye na haja, na kabla ya chai kupoa alikuwa amejua. Kadi ilichapwa na binamu wa bibi harusi, na binamu alipewa herufi na Mzee Chaman wa Stanmore.

Mzee Chaman alikuwa fundi saa, mtu wa Tanga, na ndiye aliyeandika jarida la chama cha wazee. Alikodi mashine yao mara mbili. Kisha akanunua kwa Firoz mashine moja kuukuu, ambayo Firoz alikuwa ameiondolea herufi kabla ya kuiuza, na hakukodi tena. Jarida lake, hata hivyo, liliendelea kuja kwa posta kila mwezi, kwa Kigujarati safi, na wao wakalisoma na kuliweka chini ya sufuria bila kujiuliza.

"Tumelisoma," Firoz alisema. "Mama Zainab, tumelisoma mezani kwetu."

Siku ya pili akampa flopi, diski ndogo ya kompyuta. Alikuwa ametengenezewa na rafiki yake Harjit, na kazi yake ilikuwa moja: ukiiingiza kwenye mashine inatafuta herufi, inazifuta, na inafuta kila kilichoandikwa kwa herufi hizo. Nasim aende nayo Stanmore, aseme ametumwa kuisafisha ile mashine kuukuu. Yeye Firoz akienda, mzee atashtuka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni nani atamshuku?

Nasim akaichukua, akaiweka kwenye mfuko wa nepi. Alikwenda Stanmore kwa basi na treni mbili, Zainab amelala njia nzima, na hakumbuki alikuwa anafikiri nini. Pengine hakufikiri.

Mzee Chaman alifungua mlango, kioo cha fundi cha kukuzia bado kimemning'inia kwenye paji la uso. Mkewe alikuwa amekwenda Leicester kwa binti yao, akasema, kwa hiyo chai ataipika mwenyewe na wasimlaumu. Akaongea Kiswahili cha mtaani kwao Tanga, kile alichokuwa akiongea na watu wa madukani, na akamchukua Zainab mikononi bila kuomba ruhusa.

"Na huyo mumeo, bado ananenepa? Nilimwona kwenye harusi, nikadhani ni marehemu baba yake kaja."

Nasim akasema ametumwa kusafisha mashine. Mzee akafurahi, akasema hiyo ndiyo biashara, siyo hawa wa huku, wakishakuuzia hawakujui. Akamwonyesha meza, akaenda jikoni na mtoto begani, akimwelezea jinsi tangawizi inavyopondwa.

Mashine iliwaka. Nasim hakulazimika kutafuta. Faili la herufi zake lilikuwa pale mbele, halikufichwa, na lilikuwa limepewa jina: DUKANI. Chini yake yakafuata majarida ya miezi sita. Akafungua moja. Nani kapata mjukuu, nani kavunjika nyonga, nani wa Ngamiani kule Tanga kafariki huko Toronto na matanga yatakaa kwa nani. Flopi ilikuwa mkononi tayari. Aliishika kwenye mdomo wa mashine, na akagundua kwamba angeweza kuiingiza, akaenda zake, asisikie chochote, kama anavyopanga biskuti. Mkono ukabaki pale pale.

Mzee akarudi na vikombe kwenye sinia na mtoto kwapani.

"Mzee, hili ulilifunguaje?" Nasim akauliza.

"Lipi?"

"Hili faili. Lina kufuli."

Mzee Chaman akatazama kioo cha mashine, kisha akamtazama Nasim. "Kwa namba, bila shaka."

"Nani alikupa namba?"

"Nani anipe?" Akaweka sinia chini. "Mwanangu, namba hiyo naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Barua zangu miaka kumi na tano zilikuja Sanduku la Posta 418. Baba yake Firoz alikuwa na sanduku; sisi wengine wa mtaa ule hatukuwa nalo. Fundi saa, muuza mkaa, mwalimu wa madrasa, mama wa maandazi, sote 418. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Anayekwenda posta anauchukua, anarudi na barua za watu wote. Hakuna aliyeomba ruhusa. Ungeomba, mzee yule angekutukana."

Akampa Zainab kijiko akichezee.

"Sasa ile mashine niliyokodi kwenu, nilipotaka kulitoa faili, ikaniuliza namba. Nikajaribu ile, kwa mchezo tu. Ikafunguka. Nikasema, aa, mtoto kafanya kama baba yake. Katuwekea sisi wa nyumbani, Waingereza wakae nje. Hata niliwaambia wenzangu, Firoz ana adabu."

 Nasim aliiona ile kufuli waliyoipanga jikoni kwa akili zao zote, na wateja wao mmoja mmoja, watu wa Tanga, kila mmoja akija na ufunguo kichwani tangu siku ya kwanza.

"Zile herufi nimezichora mimi," akasema.

Mzee akacheka kidogo, kwa heshima, kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Zimetoka Bombay. Kampuni kubwa."

"Nani kasema?"

"Mumeo. Kamwambia kila mtu. Kampuni ya Bombay, mashine zao ghali, hati imepimwa na maprofesa."

Hilo Nasim hakulijua. Aliligeuza moyoni kama mtu anayepapasa jino lililochomwa sindano: analijua lipo, hajui linauma kiasi gani. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akamwonyesha mzee mkia uliokunjwa. Akamweleza ile karatasi ya miraba, na kiungulia, na msimu wa baridi jikoni. Akamwonyesha herufi mbili zinazoshikana ambazo alizikosea, mstari mmoja umepungua kitone, na hakupata nguvu ya kurudia. Akaendelea, sauti yake imenyooka, kama anasoma habari za mtu mwingine: kwamba watu wakiwa na herufi hawakodi mashine, na wasipokodi mashine yeye haachi kiwanda, na kila jioni mtoto huyu analazwa na mtu mwingine, na ameanza kumzoea huyo mwingine.

Mzee Chaman alikivua kile kioo cha fundi kutoka kwenye paji la uso, akakiweka mfukoni.

"Kampuni ya Bombay nilijua haitanuna," akasema baadaye. "Kwako nisingechukua hata sindano bila kubisha hodi."

Kisha akasema, "Basi futa. Si ndiyo hiyo uliyokuja nayo?"

Alikuwa ameiona flopi tangu alipoingia na sinia. Nasim akamweleza bila kuficha kwamba flopi haifuti herufi peke yake. Itakwenda na majarida, na wafu, na wajukuu, na nyonga zote. Mzee akatazama meza. Akasema futa tu, ni haki yako, na akamgeuza mtoto aelekee dirishani, ili yeye mwenyewe naye aelekee huko.

Nasim akairudisha flopi chini ya nepi.

"Umewapa wangapi?"

"Wanne."

"Basi wapigie simu. Waambie ni za nani."

Mzee akawapigia, mmoja baada ya mwingine, amesimama, Zainab begani, Kigujarati na Kiswahili vimechanganyika kama mchele na choroko. Kailash wa Thornton Heath, mwenye kazi ya kuchapa kadi, aliapa kwamba angejua asingegusa, na kwamba Jumatatu atakuja Edmonton kukodi mashine kama watu. Binamu wa bibi harusi aliona haya mpaka akakata simu, akapiga tena mwenyewe kuomba radhi. Wa tatu, Kishor, alicheka. Alisema kilicho kwenye mashine yake ni chake, na kama ni kazi ya mwanamke wa jikoni basi hongera zake. Mzee Chaman alimjibu neno moja la Tanga ambalo Nasim hakuwa amelisikia tangu utotoni, akamkatia simu.

Wa nne alikuwa mwanamke, mweka hazina wa hekalu moja, na akataka kuongea na Nasim mwenyewe. Hakuomba radhi. Aliuliza kwa ukali kama angeweza kutengeneza herufi hizo hizo, lakini kubwa, kwa sababu mama yake haoni, na wazee wa hekalu nusu yao hawaoni, na wameshachoka kusomewa kama watoto.

"Naweza," Nasim alisema. Akafikiri. "Lakini ni kazi ya jioni nyingi. Na huwa sina jioni."

"Basi zitafute," yule mama akasema. "Tukodi wapi? Kwako au kwa mumeo?"

 Nasim akasema atampigia.

Alipofika nyumbani giza limeshaingia, ingawa ilikuwa bado alasiri; bibi akampokea Zainab, akapanda naye juu, na Firoz alikuwa kaunta akifunga nyaya. Akauliza kama amefuta. Nasim akasema hakufuta. Akamweleza yote kwa mpangilio, sanduku la posta, msumari nyuma ya mlango, simu nne. Firoz alishika kichwa kwenye habari ya sanduku. Akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alikuwa akitumwa posta na ufunguo ule, alikumbuka hadi kutu yake, na ilikuwaje asifikiri.

"Na Bombay?" Nasim akauliza.

Firoz akarudi kwenye nyaya. Alisema biashara ni biashara. Nani angeamini herufi zilizochorwa na mke wake jikoni? Watu hawa walishapoteza maduka, nyumba, kila kitu. Wanataka kuambiwa kampuni, wanataka kuambiwa profesa. Halafu hakutaka jina la mkewe liwe midomoni mwa wateja. Alikuwa anamlinda.

"Baba Zainab, kampuni ya Bombay hakuna anayeionea haya," Nasim alisema. "Mimi wamenionea haya. Wawili katika wanne, na wa tatu anataka kukodi. Kufuli yako haikuzuia hata mmoja."

"Na Kishor?"

"Kishor tumemkosa."

"Na wengine wakifanya kama Kishor?"

"Watafanya."

Hakupandisha sauti; hakuwa na sauti ya kupandisha. Akamwambia kwamba namba abadilishe akitaka. Lakini kuanzia sasa kila mashine ikiwashwa itaandika jina lake kwanza, Nasim wa Edmonton, kabla ya herufi kutoka, na mteja akiuliza zimetoka wapi ataambiwa. Herufi kubwa atazitengeneza yeye, hapa, jioni. Bila jina hazitaingia kwenye mashine yoyote ya duka hili.

"Jioni una kiwanda," Firoz akasema.

"Leo siendi."

Firoz akamtazama kama mtu anayetazama mashine iliyowaka bila kuguswa. Akasema, si kwa ubaya, kwamba haijulikani kama itatosha. Msimu bado mrefu, na Kailash ni mmoja, na yule mama wa hekalu ni mmoja.

"Haijulikani," Nasim akakubali.

Akaivuta simu ya kaunta, akapiga kiwandani. Alipokea Margaret, msimamizi wa shifti, mwanamke mwema mwenye haraka siku zote. Nasim akamwambia hatakuja leo, na kwamba wiki hii watazungumza juu ya kuacha.

"Mtoto anaumwa?" Margaret akauliza.

"Hapana. Mzima. Anataka kuoga."

Akapanda juu. Mama Firoz alikuwa ameshajaza beseni, taulo limemning'inia begani, na alipomwona Nasim akatazama saa ya ukutani, kisha akamtazama tena. Hakuuliza. Zainab alikuwa ameketi sakafuni bila nguo, akiwatazama wote wawili, mmoja na mwingine, hajaamua.

Nasim alikunja mikono ya sweta, akapiga magoti, akachovya kiwiko kwenye maji.

Yalikuwa ya moto. Akaongeza ya baridi.